UZI: Pumu inayoletwa na chumvi, moshi na vumbi la metali kazini, na namna ya kuithibitisha kabla haijakaa

#1 KemiaKazini

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wanaofanya kazi na metali: wasafishaji wa platinamu, wapakaji wa nikeli na kromu kwa umeme, wachomeleaji, wanoaji wa zana za kabidi, wa tanuri za alumini, na wanaosimamia usalama wao. Wenye ujuzi wa kila eneo naomba muongeze.

Nianze na linalochanganya wengi. Swali la "metali fulani inaleta pumu?" halijibiki mpaka ujue iko katika umbo gani inapovutwa. Platinamu ndiyo mfano ulio wazi kuliko zote. Ikiwa waya au kipande haina shida. Lakini chumvi zake zenye klorini, kama amoniamu hekzakloroplatineti inayopatikana wakati wa kuisafisha, ni miongoni mwa vichochezi vikali zaidi vya mzio wa njia ya hewa vinavyojulikana viwandani. Klorini iliyoshikamana na atomu ya platinamu huachia kwa urahisi, nafasi yake ikachukuliwa na protini ya mwili. Muungano huo mwili huuona mgeni na kuutengenezea kingamwili za aina ya IgE, zile za mzio. Chumvi ya tetraamini, ambayo klorini yake haikushikana na platinamu moja kwa moja, haisumbui kwa kiwango hicho. Kwa hiyo kubadili chumvi tu, platinamu ikibaki ileile, kunaweza kuondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Tatizo hili kwa wasafishaji wa platinamu liliandikwa kitabibu tangu 1945. Kikomo kinachotumika Marekani na Uingereza kwa chumvi za platinamu zinazoyeyuka ni mikrogramu 2 kwa mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Ni kiasi kisichoonekana kwa macho hata kidogo. Chumba kinaweza kuonekana safi kabisa na bado watu wakapata mzio. Uvutaji wa sigara huongeza sana uwezekano wa kupata mzio wa chumvi hizi, jambo ambalo wasimamizi wengi hawalitaji wanapofundisha wafanyakazi wapya.

Nyingine za kuzijua: salfeti na kloridi ya nikeli, kromiamu ya valensi sita (kromu katika umbo lake lenye sumu kali), kobalti (hasa ndani ya kabidi ya tangsteni), na hewa ya tanuri za alumini. Vanadiamu pentoksidi, inayopatikana kwenye masizi ya boila zinazochoma mafuta mazito, husumbua zaidi kwa kuwasha njia ya hewa kuliko kwa mzio. Msafishaji wa boila mwenye ulimi uliogeuka rangi ya kijani amekula na kuvuta vumbi hilo.

#2 Dk_Mapafu

Shukrani mkuu kwa uzi. Naongeza upande wa tiba.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mzio, nayo ina muda wa kimya: wiki, miezi, hata miaka tangu mtu aanze kazi hadi dalili ya kwanza. Kwa hiyo "amefanya kazi hii siku zote bila shida" si ushahidi kwamba kazi haihusiki. Mzio ukishajengeka, kiasi kidogo mno ambacho wenzake hawakisikii kinatosha kumbana kifua. Ya pili ni ya kuunguzwa: mtu anavuta kiasi kikubwa mara moja, mfano klorini iliyovuja, dalili zinaanza ndani ya saa 24 na kuendelea miezi 3 au zaidi. Hiyo haina muda wa kimya.

Kwa chumvi za platinamu, pua na macho mara nyingi hutangulia: chafya mfululizo, kamasi za maji, macho kuwasha. Mtu akianza kutoa kamasi kila zamu bila mafua, huo ndio wakati wa kumpima, kifua kikiwa bado kizima.

Halafu kuna mtego wa saa. Kifua kinaweza kubana dakika chache baada ya kuvuta, au kikachelewa saa 4 hadi 8. Anayemaliza zamu saa kumi jioni anaanza kukohoa usiku wa manane, na anailaumu baridi au vumbi la godoro. Usiulize tu "unakohoa ukiwa kazini?" Uliza: unapata nafuu siku za mapumziko? Ukiwa likizo ndefu je? Maswali hayo mawili hunasa wengi zaidi.

Na ombi langu kubwa kwa wote: mgonjwa asiyebanwa vibaya asiache kazi kabla hajapimwa akiwa bado anaifanya. Akishaondoka, kipimo rahisi kuliko vyote kinapotea. Nitakieleza chini. Aliyebanwa vibaya, anayeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, huyo anatolewa na kupelekwa hospitali hapohapo, mambo ya ushahidi yatafuata.

#3 Beseni_la_Nikeli

Upande wa kupaka kwa umeme, watu huchanganya beseni la nikeli na la kromu, wakati yanachafua hewa kwa njia tofauti.

Beseni la kromu la kawaida lina gramu 250 hivi za asidi ya kromiki kwa lita na gramu 2.5 za asidi ya salfuriki, joto la nyuzi 45 hadi 55. Umeme mwingi unaoingia haupaki kromu. Kati ya asilimia 10 na 20 hivi tu ndiyo hufanya kazi hiyo, uliobaki unapasua maji. Haidrojeni na oksijeni hupanda kama povu, na kila kiputo kikipasuka juu kinarusha matone madogo ya asidi ya kromiki hewani. Ukungu huo ndio kromiamu ya valensi sita inayovutwa. Beseni la nikeli hutumia vizuri zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake, kwa hiyo povu la umeme ni dogo. Ukungu wake hutoka kwenye hewa inayopulizwa chini ya beseni kukoroga. Ondoa bomba la hewa, weka pampu yenye nozeli za kuzungusha maji chini kwa chini, na ukungu unapungua sana bila kuharibu mng'ao wa bidhaa.

Kwa kromu, hatua ninazoziamini kwa mpangilio huu: kwanza, kama kazi ni ya mapambo, hamia kromu ya valensi tatu. Pili, dawa ya kupunguza mvutano wa uso wa maji, upimwe na ubaki chini ya milinyutoni 40 kwa mita. Povu likipasuka kwa ulegevu halirushi matone. Tatu, mfereji wa kufyonza hewa ukingoni mwa beseni. Mipira ya plastiki inayoelea husaidia, lakini kila rafu ya vipande inapozamishwa mipira husukumwa pembeni na uso unabaki wazi palepale umeme unapofanya kazi.

Kosa la kila siku: dawa ya povu inaongezwa kwa kukisia. Inaisha kwa kubebwa na vipande vinavyotoka, mvutano unapanda, na hakuna anayejua mpaka watu waanze kukohoa. Pima.

Marekani kikomo cha kromiamu ya valensi sita ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo tangu 2006, na hatua za ufuatiliaji zinaanzia 2.5. Lakini kikomo hicho kiliwekwa zaidi kwa ajili ya saratani ya mapafu. Mwenye mzio tayari hakilindi.

#4 Mwanga_wa_Arki

Wakuu naomba ufafanuzi. Mchomeleaji akichoma bati la mabati, jioni anapata homa na kutetemeka, kesho yake yuko mzima. Wengi wanaiita pumu ya weldi. Ni yenyewe? Na maziwa yanasaidia?

#5 Dk_Mapafu

Hiyo siyo pumu, ni homa ya moshi wa metali, na kisababishi kikuu ni oksidi ya zinki. Huanza saa 4 hadi 10 baada ya kuvuta: baridi, homa, maumivu ya misuli, kiu, ladha ya chuma mdomoni. Huisha yenyewe ndani ya siku 1 au 2. Mwili huizoea katikati ya wiki, kisha mazoea hupotea mapumzikoni, ndiyo maana hurudi siku ya kwanza ya wiki. Pumu hufanya kinyume: huanza wiki vizuri na kuharibika kadiri siku zinavyosonga. Maziwa hayafanyi lolote kwa kilichoingia mapafuni.

Ila naomba hili lisomwe kwa makini. Kadimiamu huanza vilevile. Baadhi ya fimbo za zamani za kuunganishia kwa fedha zina kadimiamu, na vipande vilivyopakwa kadimiamu vipo. Saa za mwanzo mtu anahisi homa ya kawaida ya moshi, baadaye mapafu yanajaa maji, na wanaokufa kwa njia hii wapo. Mtu aliyechoma kitu asichojua kimepakwa nini, akapata homa inayoambatana na kukosa pumzi, asilale nyumbani kungoja kesho.

#6 Kabidi_Ngumu

Wanaonoa misumeno ya kabidi na kusaga vipande vya kukatia: adui yenu ni kobalti. Kabidi ya tangsteni ni punje ngumu zilizogandishwa kwa kobalti kama gundi, asilimia 5 hadi 15 kwa zana nyingi. Kobalti inaleta pumu, na ikiwa pamoja na kabidi inaleta pia ugonjwa mwingine mbaya, makovu ya tishu za mapafu zenyewe. Kwa hiyo mnoaji mwenye pumzi fupi asipimwe mkondo wa hewa tu, apigwe picha ya kifua na apimwe uwezo wa mapafu kupitisha gesi kwenda kwenye damu.

Watu hudhani kusaga kwa maji kumemaliza tatizo. Vumbi linapungua, kweli. Lakini maji ya kupozea, yaani kulanti, yanazunguka wiki baada ya wiki, na kobalti inayeyuka ndani yake. Kichujio kinakamata punje, hakikamati kilichoyeyuka. Jiwe linapozunguka kwa kasi linageuza maji hayo kuwa ukungu, na fundi anavuta kobalti iliyo tayari katika umbo la chumvi. Kulanti ya zamani inaweza kuwa mbaya kuliko vumbi lililoogopwa.

Kwa hiyo: nunua kulanti iliyotengenezwa kwa ajili ya kabidi, yenye kizuizi cha kuyeyuka kwa kobalti (benzotriazoli au jamaa yake). Ya kawaida ya kusagia chuma, hasa yenye amini nyingi, huyeyusha kobalti kwa kasi. Peleka sampuli maabara kupima kobalti, na ubadilishe maji kwa kufuata namba hiyo, usisubiri harufu. Funika jiwe, fyonza ndani ya kifuniko. Mashine ikizimwa subiri ukungu uondoke ndipo ufungue mlango. Wengi hufungua jiwe likiwa bado linapungua mwendo.

Kobalti ina faida moja, inapimika kwenye mkojo. Chukua sampuli mwisho wa zamu, siku ya mwisho ya wiki ya kazi. Mwongozo wa Marekani ni mikrogramu 15 kwa lita. Aoshe mikono na abadili nguo kabla ya kutoa mkojo. Vumbi moja la kidoleni linaharibu kipimo.

#7 Mwanga_wa_Arki

Asante Daktari, nimeelewa. Basi niweke la uchomeleaji wa chuma kisichoshika kutu. Fimbo zenye ganda ndizo hutoa kromiamu ya valensi sita kwa wingi, kwa sababu potasiamu na sodiamu za kwenye ganda hushika kromiamu katika umbo la kromati. TIG (arki ya sindano ya tangsteni ndani ya gesi ya kinga) hutoa moshi kidogo kuliko zote. MIG (waya unaojilisha wenyewe ndani ya gesi ya kinga) iko katikati. Palipo na nafasi ya kuchagua, kuhama kutoka fimbo kwenda TIG ni kinga kubwa kuliko barakoa yoyote. Ila TIG hutoa ozoni zaidi, hasa kwenye chuma kinachong'aa na alumini, nayo inawasha kifua. Barakoa ya vumbi haizuii ozoni.

Wanaotumia risasi ya kuunganisha vifaa vya elektroniki na wakabanwa kifua: hapo mara nyingi kisababishi ni utomvu wa msonobari, kolofoni, ulio ndani ya waya. Risasi yenyewe haileti pumu.

#8 Hewa_Inayotembea

Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyegusa umbali wa mdomo wa kifyonzaji, na hapo ndipo mifumo mingi inashindwa.

Hewa inayofyonzwa hupoteza kasi haraka mno. Umbali ulio sawa na kipenyo kimoja cha bomba, kasi iliyobaki ni kama asilimia 10 tu ya ile ya mdomoni. Bomba la milimita 150 likikaa nusu mita kutoka kwenye arki ni pambo. Hewa inayopulizwa hufika mbali, inayofyonzwa haifiki.

Kwa moshi wa weldi unahitaji mita 0.5 hadi 1 kwa sekunde pale moshi unapozaliwa. Ukizidisha, unavuta gesi ya kinga na weldi inajaa vitundu, fundi anasukuma mdomo pembeni, na hapo umerudi sifuri. Mpe kipima-kasi cha hewa, aweke alama kwenye mkono wa kifyonzaji panapofaa. Mdomo ukae pembeni na juu kidogo. Kofia kubwa ya darini juu ya kichwa cha fundi hupitisha moshi puani kwake kwanza.

Ndani ya mabomba: moshi mwepesi unabebwa na mita 10 hivi kwa sekunde, vumbi zito la kusaga linahitaji 20. Chini ya hapo linatuama kwenye kona, bomba linaziba pole pole, na feni inaendelea kunguruma kana kwamba inafanya kazi. Sauti ya feni haithibitishi chochote. Funga kipima shinikizo chenye alama ya kijani na nyekundu mahali fundi anapoona, na jaribu kwa moshi wa bomba dogo kila wiki. Uingereza sheria inataka ukaguzi kamili angalau kila miezi 14.

Na jamani, hewa ya kompresa isitumike kufagia vumbi la metali wala kujipulizia nguo. Sekunde chache za kupuliza zinarudisha hewani kilichokamatwa siku nzima. Tumia kifyonza-vumbi chenye kichujio cha daraja la H, au kitambaa chenye maji.

#9 Zamu_ya_Usiku

Daktari, ulisema utaeleza kipimo rahisi. Msimamizi wa usalama anaweza kukiendesha bila hospitali?

#10 Dk_Mapafu

Kukiendesha ndiyo, kukitafsiri apewe daktari. Ni kile kibomba cha plastiki chenye mshale unachopuliza kwa nguvu (peak flow), kinachopima kasi ya pumzi kwa lita kwa dakika. Thamani yake iko kwenye mfululizo. Kipimo kimoja cha zahanati hakisemi chochote kuhusu kazi.

Mgonjwa apulize angalau mara 4 kwa siku, kwa wiki 4, zikiwemo siku za kazi na za mapumziko. Saa za kawaida: akiamka, katikati ya zamu, baada ya zamu, kabla ya kulala. Siku za mapumziko saa zilezile. Wa zamu ya usiku ahesabu siku yake kuanzia anapoamka, siyo saa sita ya usiku.

Kila mara: asimame, mshale sifuri, avute pumzi hadi mwisho, midomo ibane kibomba, apulize kwa mshtuko mmoja. Mara 3, aandike ya juu kabisa. Mbili bora zikitofautiana zaidi ya lita 20 kwa dakika, aongeze mpulizo. Kibomba kilekile mwezi mzima. Apulize kabla ya kutumia inhela ya kufungua kifua, na aandike alipoitumia. Dawa za kila siku zibaki kwa kipimo kilekile kipindi chote. Zikiongezwa wiki za kazi, tofauti inazikwa. Aandike pia alichofanya: "nilibadilisha maji ya beseni", "grinda namba 2". Mafua yakimpata, siku hizo ziwekwe alama na zisihesabiwe.

Kisha chora juu, wastani na chini ya kila siku. Mistari inayoshuka siku za kazi na kupanda mapumzikoni ndiyo unayoitafuta. Angalia pia upana: tofauti ya asilimia 20 au zaidi kati ya juu na chini siku za kazi, ikapungua mapumzikoni. Kuna programu ya OASYS iliyotengenezwa Birmingham inayotoa alama. Zaidi ya 2.5 inaashiria pumu ya kazini.

Panapoharibika: kwanza, namba za kubuni. Safu ya 400, 400, 400 kwa siku kumi imejazwa mara moja jioni. Kibomba cha kielektroniki kinachoweka saa kinaondoa shaka. Pili, mapumziko mafupi. Aliyeugua muda mrefu hapati nafuu kwa siku 2, mchoro unatoka bapa, na watu wanahitimisha kazi haihusiki. Hapo apewe wiki 2 mfululizo nje ya kazi, akiendelea kupuliza, kisha arudi.

Haya yote yanakuja pamoja na spirometria, yaani kipimo cha mashine cha kiasi na kasi ya hewa inayotoka mapafuni. Na spirometria nzuri siku asiyobanwa haiondoi pumu.

#11 KemiaKazini

Kwa wanaouliza pembeni kuhusu vipimo vya mzio: chomo la ngozi (tone la kichochezi linalochomwa kidogo kwenye ngozi kuona kama itavimba) kwa chumvi za platinamu lina maana kubwa, na viwanda makini hulirudia mara kwa mara ili kumtoa mtu kabla kifua hakijaanza. Kwa nikeli, kromiamu na kobalti, chomo likiwa hasi halimwondolei mtu pumu. Kiraka cha mgongoni kinachosomwa baada ya siku 2 hupima mzio wa ngozi. Mwenye vipele vya nikeli mkononi hana lazima ya kuwa na pumu ya nikeli. Kwa pumu ya tanuri za alumini hakuna kipimo cha mzio kabisa. Pale kuna floridi, gesi na vumbi kwa pamoja, na kisababishi kamili hakijatenganishwa.

Kwenye karatasi ya usalama wa kemikali tafuta alama H334. Hiyo ndiyo ya mzio wa kupumua. H317 ni ya ngozi. Fimbo ya weldi inaweza isiwe na H334 kwa kuwa ikiwa haijachomwa haivutwi. Soma sehemu ya moshi unaotoka ikichomwa.

#12 Zamu_ya_Usiku

Akishathibitika, avalishwe barakoa nzuri abaki palepale, au aondolewe? Wengi wanaogopa kupoteza kazi.

#13 Dk_Mapafu

Aondolewe kabisa kwenye kichochezi, mapema, ikiwezekana ndani ya mwaka mmoja tangu dalili ya kwanza. Kinachotabiri kupona ni muda aliokaa akivuta huku anaumwa: ulivyo mfupi ndivyo nafasi ilivyo kubwa. Hata walioondolewa, wanaopona kabisa ni kama theluthi moja. Wengine hubaki na kifua kinachobana kwa urahisi. Steroidi ya kuvuta inatuliza uvimbe na anapaswa kuitumia, lakini ikitumiwa ili aendelee kuvuta kichochezi inaficha ugonjwa unaosonga.

Barakoa inayofaa kwa wenye afya ni ya daraja la FFP3 (barakoa ya vumbi ya daraja la juu) au ya nusu uso yenye kichujio cha P3, ikijaribiwa kwenye uso wa mhusika, ndevu zimenyolewa siku hiyohiyo. Hiyo hupunguza kinachovutwa mara 20 hivi. Kwa mwenye mzio tayari, sehemu moja ya ishirini inaweza kutosha kumbana. Kofia yenye feni ni nafuu ya muda wakati nafasi nyingine inatafutwa, na lazima kupuliza kibomba kuendelee.

Kumhamisha nako kuna namna yake. Kumtoa kwenye beseni na kumpa stoo iliyo mlango wa pili, hewa ileile, si kumhamisha. Mpe jengo jingine, kabati la nguo lisilochangamana na la wa uzalishaji, na asifue ovaroli za wenzake. Kisha apulize kibomba wiki 4 pale alipopelekwa. Mchoro ukibaki unashuka siku za kazi, kichochezi bado kinamfikia, na utafute njia kinayopitia: mabomba ya hewa, viatu, au mikutano inayofanyika kwenye chumba cha zamu.

Na wenzake waliobaki kwenye beseni lile wapimwe wiki hiyohiyo. Dodoso na spirometria kwa wote, kisha wapya warudiwe baada ya wiki 6, wiki 12, na kila mwaka.